Kumtunza Paka Kuanzia Joto Hadi Kuachisha Ziwa: Hatua kwa Hatua, Pamoja na Maneno ya Kuyajua

Maswali ninayoulizwa kuhusu paka hayabadiliki. Paka wangu analia usiku kucha, je, tumbo linamuuma? Amepandwa juzi, atazaa lini? Nimpe Panadol? Mke wangu ni mjamzito, tumfukuze paka? Nimeyajibu kwa simu, barazani na njiani mara nyingi kiasi kwamba nimeona ni afadhali niyaandike kwa mpangilio, kwa ajili ya mtu ambaye paka wake jike ametoka kupandwa au anakaribia kuzaa kwa mara ya kwanza.

Katika kuyajibu nimegundua kwamba wengi hawakosi huruma. Wanachokosa ni maneno. Mtu humpigia simu daktari wa mifugo na kusema "paka anaumwa", na daktari hana pa kuanzia, kwa sababu paka mwenye uchungu wa kuzaa, paka mwenye homa ya maziwa na paka aliyelishwa dawa ya binadamu wote wanaumwa. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inakupa kazi ya kufanya na maneno yanayokwenda na kazi hiyo.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta boksi la kadibodi lenye urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa sentimita 40, na ulikate mlango upande mmoja kwa namna ambayo kizingiti kinabaki na kimo cha sentimita 12 au zaidi. Mama ataruka, lakini watoto hawatatambaa nje. Andaa vitambaa safi vya pamba, na kanga kuukuu zinafaa kuliko taulo, kwa kuwa kucha za watoto hunasa katika nyuzi za taulo. Taulo moja dogo liwepo kwa ajili ya kukaushia tu.

Kisha weka pamoja mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kipimajoto cha kidijitali ambacho hakitatumiwa tena na watu, mafuta mazito ya kujipaka, mkasi uliochemshwa, uzi, iodini, chupa ya plastiki ya kutiwa maji ya moto, daftari na kalamu. Ukipata maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, nunua kopo moja mapema, kwani siku utakapoyahitaji duka litakuwa limefungwa. La mwisho ni namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu usiku na namba ya dereva wa bajaji anayekubali kubeba mnyama. Jaribu namba zote mbili mchana kabla hujazihitaji.

Hatua ya 1: Tambua joto, na uamue

Jike aliye kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, hulia kwa sauti ndefu, hujigaragaza sakafuni, hujisugua kwenye miguu ya watu na ya meza, na ukimpapasa mgongoni karibu na mkia huinua makalio, hukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma na kuusogeza mkia pembeni. Hana maumivu, na wala hatoki damu kama mbwa. Ukiona damu au usaha, hilo ni jambo jingine na linahitaji daktari. Anaweza kuingia kwenye joto akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu, wakati wewe bado unamwona mtoto.

Joto huchukua takribani wiki moja, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Katika nchi za kaskazini paka hupumzika majira ya baridi kwa sababu mchana unakuwa mfupi, lakini kwetu karibu na ikweta mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, hivyo joto linaweza kurudi mwezi wowote. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba yai la paka halitoki lenyewe kwa tarehe. Hutoka kwa sababu amepandwa. Usiku mmoja nje unatosha, na kwa kuwa atapandwa na zaidi ya dume mmoja, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Hiyo ni sababu mojawapo ya kukuta wa kijivu, wa manjano na mweusi wananyonya pamoja.

Hapa unapaswa kuamua. Kama hutaki watoto, mfungie ndani hadi joto lipite, kisha mpeleke akatolewe kizazi. Kama unawataka, jike awe ametimiza mwaka, awe amechanjwa na kupewa dawa ya minyoo kabla ya kupandwa, na dume asiwe kaka yake, baba yake wala mtoto wake, kwa sababu kupandana ndugu kwa ndugu hukusanya kasoro za ukoo mahali pamoja. Wanaotaka "paka wa aina" huniuliza kama paka wao ana asili maalumu. Paka wetu wengi ni wa mtaani, mchanganyiko wa vizazi vingi, na hilo si upungufu. Pwani yetu imetoa aina moja inayotambulika duniani: paka wa Sokoke, mwenye mabaka kama gome la mti, ambaye Wagiriama walimwita kadzonzo na ambaye watoto wake walipatikana mwaka 1978 karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, wakaja kuzalishwa hadi Ulaya. Lakini mabaka peke yake hayamfanyi paka wako kuwa Sokoke. Asili huthibitishwa kwa kumbukumbu za ukoo, si kwa rangi.

Onyo: usimpe paka vidonge vya uzazi wa mpango vya wanawake. Homoni hizo humweka katika hatari ya kujaa usaha kwenye kizazi na kuota uvimbe wa matiti, na usaha wa kizazi huua usipofanyiwa upasuaji.

Hatua ya 2: Hesabu siku na uthibitishe mimba

Andika tarehe aliyopandwa. Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 67 kwa kawaida, yaani wiki tisa na siku chache. Aliyepandwa tarehe 1 Machi mtegemee kati ya tarehe 3 na 7 Mei. Kama alikuwa nje siku tatu, hesabu kuanzia siku ya kwanza na pia kuanzia ya mwisho.

Kuelekea wiki ya tatu chuchu zake huvimba kidogo na kuwa nyekundu, dalili ambayo huonekana vizuri zaidi kwa jike ambaye hajawahi kuzaa. Kipimo cha altrasaundi kinaweza kuonyesha mimba kuanzia siku ya 25 hivi, na eksirei baada ya siku ya 45 huonyesha mifupa, kwa hiyo daktari anaweza kuhesabu vichwa na kukuambia utegemee watoto wangapi. Idadi hiyo ina thamani kubwa usiku wa kuzaa, maana utajua kama kuna aliyebaki ndani. Usimbonyeze tumbo mwenyewe kutafuta watoto. Chuchu zikivimba halafu wiki zikapita bila tumbo kukua, huenda ni mimba ya uongo, ambayo huisha yenyewe.

Hatua ya 3: Mlishe vizuri, na uwe mwangalifu na dawa

Mwongezee chakula taratibu, hadi mwisho wa mimba awe anakula karibu nusu zaidi ya kawaida yake, kwa milo midogo mingi kwa sababu watoto wanalibana tumbo. Akishaanza kunyonyesha atahitaji mara mbili hadi tatu ya chakula cha kawaida, nawe usimpimie: akimaliza, mwongeze.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji taurini, ambayo hupatikana katika nyama na samaki na haipatikani katika nafaka. Akiikosa kwa muda mrefu macho huharibika na moyo hudhoofika. Ugali uliolowekwa mchuzi humjaza tumbo tu. Dagaa waliooshwa mchanga na chumvi kisha wakachemshwa, kuku aliyechemshwa bila mifupa, yai lililoiva na ini kidogo mara moja kwa wiki ni chakula kizuri cha nyumbani, na cha kopo au cha punje kikiandikwa kuwa ni cha watoto wa paka kinamfaa zaidi mama mwenye mimba. Mabaki ya mchuzi wetu usimpe, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe za damu yake.

Kuhusu dawa, nisikilize kwa makini. Maini ya paka hayawezi kuvunja sumu nyingi ambazo ya mbwa na ya binadamu huzivunja. Paracetamol, ambayo ndiyo Panadol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua: ufizi hugeuka rangi ya kahawia au buluu, uso na nyayo huvimba, pumzi hukatika. Permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za viroboto vya mbwa na za kupe wa ng'ombe, humletea degedege. Miaka iliyopita niliuziwa dukani dawa ya mbwa na kuambiwa nimpake paka "nusu tu". Baada ya saa chache masikio yake yalianza kuchezacheza, kisha ngozi ya mgongo, kisha akawa anatetemeka mwili mzima huku macho yamemtoka. Tulimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tukamkimbiza kwa daktari, naye alipona baada ya siku mbili. Tangu siku hiyo nasoma kila kibandiko, na kama hakijaandikwa "paka", hakiingii nyumbani kwangu.

Wakati wa mimba usimpeleke kuchanjwa bila kumwambia daktari kwamba ana mimba, kwa kuwa zipo chanjo hai, zenye virusi vilivyodhoofishwa, ambazo zinaweza kuwadhuru watoto tumboni.

Hatua ya 4: Weka boksi la kuzalia katika wiki ya saba

Chagua kona yenye giza kidogo, isiyo na mlango unaofunguliwa kila mara. Mweke chakula, maji na trei ya mchanga karibu, lakini trei isigusane na chakula. Anza mapema ili alizoee. Usipomwandalia mahali atajichagulia mwenyewe, na atakachochagua ni kabati la nguo.

Angalia siafu na sisimizi. Mtoto wa paka aliyezaliwa leo hawezi kukimbia, na harufu ya damu ya uzazi huwavuta wadudu. Nyumba yenye historia ya siafu inahitaji boksi liwekwe juu ya meza fupi iliyo imara, miguu yake ikiwa imesimama ndani ya makopo ya maji.

Hatua ya 5: Pima joto la mwili kuanzia siku ya 58

Paka mzima mwenye afya ana joto la nyuzi 38 hadi 39.2. Paka mafuta kwenye ncha ya kipimajoto, iingize sentimita moja na nusu hivi kwenye njia ya haja kubwa, usubiri mlio, uandike. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Joto likishuka chini ya 37.8, tegemea uchungu ndani ya siku moja. Jike asiyekubali kupimwa asilazimishwe, kwa maana kumtia hofu karibu na kuzaa kuna madhara makubwa kuliko kukosa namba.

Hatua ya 6: Msimamie akizaa

Kuzaa kwa paka kuna vipindi vitatu, na ukivijua hutababaika.

Kipindi cha kwanza ni cha mlango wa kizazi kufunguka. Huzungukazunguka, huparura vitambaa, hupumua haraka, huenda kwenye mchanga na kurudi bila kufanya kitu, na wengine hukoroma kwa raha kama wanaobembelezwa. Kinaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Kazi yako hapa ni kukaa mbali kidogo na kuwazuia watoto wa nyumbani wasichungulie, kwa sababu paka akisumbuliwa anaweza kusimamisha uchungu kwa saa nyingi.

Kipindi cha pili ni cha kusukuma. Utaona tumbo likikaza kwa mawimbi, kisha utaona mfuko mwembamba wa maji, ule ambao wakunga huuita chupa, na ndani yake mtoto. Anaweza kutanguliza kichwa au miguu ya nyuma, na kwa paka namna zote mbili ni za kawaida. Mama hurarua chupa kwa meno, humlamba mtoto hadi alie, na kukata kitovu.

Kipindi cha tatu ni cha kondo la nyuma kutoka, na kila mtoto ana lake. Yahesabu. Mama atayala, nawe usimkataze, ingawa ni vizuri kuyaondoa baadhi akishakula mawili, kwani yakizidi humharisha. Kati ya mtoto mmoja na mwingine hupita dakika 10 hadi 60, na pengine mama hupumzika zaidi akiwa ametulia na ananyonyesha.

Kama mama hakuishughulikia chupa ndani ya dakika moja, fanya wewe: irarue karibu na pua, mpanguse mtoto uso na mdomo, mshike kichwa kikiwa kimeinama kidogo, na umsugue mgongoni kwa taulo kwa nguvu kuliko unavyodhani inafaa. Katika uzao mmoja nilioushuhudia, mtoto wa tatu alitoka amelegea kama kitambaa kilicholowa, ulimi wake wa zambarau. Nilimsugua dakika baada ya dakika huku nikimwambia mke wangu asinitazame, na nilipokuwa nakaribia kumweka chini alifungua mdomo mara moja, akanyamaza, akafungua tena, kisha ulimi ukaanza kubadilika rangi kutoka pembeni kwenda katikati, hadi ukawa wa waridi. Usikate tamaa mapema. Wala usimrushe hewani kwa kumzungusha kama wafanyavyo baadhi ya watu kutoa maji mapafuni. Ubongo wake ni laini na unaweza kuvuja damu.

Kitovu kisipokatwa na mama, kifunge kwa uzi sentimita mbili au tatu kutoka tumboni, kata upande wa nje wa fundo, upake iodini. Usikivute kamwe.

Piga simu kwa daktari mara moja ukiona mojawapo ya haya: anasukuma kwa nguvu kwa nusu saa na hakuna kilichotoka, mtoto amekwama akionekana kwa zaidi ya dakika 10, ute wa kijani au damu nyingi imetoka kabla ya mtoto wa kwanza, saa mbili zimepita tangu mtoto wa mwisho na unajua kuna mwingine, au mimba imepita siku 70.

Hatua ya 7: Saa 24 za kwanza, na mizani kila siku

Kila mtoto anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, kwa kuwa ndiyo yanayompa kinga ya mama yake, na utumbo wake huipokea kinga hiyo katika siku ya kwanza tu. Asiyeipata chuchu, mpeleke kwa mkono na umbonyezee tone moja mdomoni.

Mtoto mchanga wa paka hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Ndani ya boksi kuwe na nyuzi 30 hivi wiki ya kwanza, na hata pwani usiku wa mvua haufikii hapo. Funga chupa ya maji ya moto kwa kanga mbili na uiweke upande mmoja tu, ili anayesikia joto kali aweze kusogea. Mtoto aliyepoa usimlishe maziwa kabla hujampasha moto, kwa sababu tumbo lililopoa halisagi chakula, na kitakaa humo kikichacha.

Mizani ni jicho lako la pili. Mtoto huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi, na anapaswa kuongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku. Hili hapa ni ukurasa wa daftari langu kwa mtoto niliyemwita Doa: kuzaliwa 94, siku ya pili 91, ya tatu 99, ya nne 112, ya tano 125. Kushuka kidogo siku ya kwanza si ajabu. Angeshuka siku ya pili mfululizo, au angesimama palepale, ningempigia daktari jioni hiyohiyo, hata kama kwa macho alionekana mzima, kwani anayeonekana mgonjwa katika umri huo mara nyingi ameshachelewa.

Hatua ya 8: Hadi wiki ya tatu

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Usiyafungue kwa vidole. Watoto hawawezi kujisaidia wenyewe. Mama huwalamba chini ya mkia ili watoke haja. Ukilea yatima, fanya hivyo kwa pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu kila baada ya kumlisha, la sivyo kibofu kitajaa na atakufa akiwa ameshiba.

Kutambua jinsia, inua mkia. Kwa jike utaona tundu na chini yake, karibu sana, mstari mdogo wa wima. Kwa dume utaona matundu mawili ya duara yaliyoachana. Paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na manjano, karibu kila mara ni jike.

Katika wiki ya tatu anza dawa ya minyoo, kwa kuwa minyoo ya duara hupita katika maziwa ya mama. Hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi watoto waache kunyonya, na mama hupewa pamoja nao. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo nenda kwa daktari na daftari lako.

Hatua ya 9: Kuachisha ziwa

Kuanzia wiki ya nne walowekee chakula kwa maji ya vuguvugu hadi kiwe uji, ukiweke kwenye sahani bapa. Watakikanyaga kabla ya kukila. Kosa la kawaida ni kuwapa maziwa ya ng'ombe, ambayo huwaharisha, na kuhara kwa kiumbe cha gramu 400 ni jambo la kuua. Wawekee trei fupi yenye mchanga au maranda ya mbao. Washike kila siku, watu mbalimbali, kwa upole, kwani hizi ndizo wiki za kuzoea watu, na asiyezoeshwa sasa atakuwa mwoga maisha yake yote.

Watakuwa wameacha ziwa kufikia wiki ya nane. Usimgawie mtu mtoto kabla ya hapo, hata akikuomba vipi.

Hatua ya 10: Chanjo na kuhasi

Chanjo ya kwanza hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane, dhidi ya panleukopenia, ugonjwa wa virusi wa paka ambao ndio unaofagia boksi zima kwa siku mbili tatu, pamoja na virusi vya herpesi na kalisivirusi vinavyoleta mafua makali. Hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi mtoto afikishe wiki 16. Marudio haya si njama ya daktari ya kukutoza fedha. Kinga aliyopewa na mama inaweza kuizima chanjo ya mapema, na hakuna ajuaye itakwisha wiki gani. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza wiki ya 12. Licha ya jina lake, ugonjwa huo humpata paka na humpata mtu kupitia paka. Ukiumwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhasi ni kumtoa dume korodani. Jike hutolewa ovari, mara nyingi pamoja na mji wa mimba. Watoto wanaweza kufanyiwa tangu miezi minne. Mama afanyiwe wiki mbili baada ya maziwa kukauka, na hadi siku hiyo asitoke nje, kwa sababu anaweza kubeba mimba nyingine angali ananyonyesha.

Mambo yakienda kombo

Mama anatetemeka, anayumba, misuli inakakamaa, ndani ya wiki nne za kwanza za kunyonyesha. Hii ni homa ya maziwa, yaani madini ya kalsiamu yamepungua katika damu. Watenge watoto na uwahi kwa daktari saa hiyohiyo; kalsiamu huingizwa mshipani taratibu, na hakuna dawa ya nyumbani.

Titi moja ni gumu, la moto, na mama hataki liguswe. Ni ugonjwa wa matiti. Likande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu na umpeleke apewe antibaiotiki. Maziwa yakitoka na usaha au damu, watoto wasilinyonye titi hilo.

Uchafu unaonuka unatoka chini ya mkia. Ute wa hudhurungi usionuka kwa wiki mbili tatu ni kawaida. Ukinuka, au mama akiwa na homa na amekataa chakula, huenda kondo limebaki ndani.

Kope za mtoto zimevimba kabla macho hayajafunguka, au yana tongotongo la manjano. Panguse kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, na umpeleke; usaha ukikaa nyuma ya kope unaweza kulipofua jicho.

Ufizi wa mtoto ni mweupe kama karatasi. Ana upungufu wa damu, na mara nyingi viroboto ndio walioinywa. Usimpake dawa. Mchane kwa kitana cha chawa, uzamishe viroboto katika maji ya sabuni, ubadilishe vitambaa vyote vya boksi.

Mama anawahamisha watoto. Usimrudishe kwa nguvu. Punguza wageni na kelele, na mpelekee boksi alikohamia.

Nyumbani kuna mjamzito. Wengi wetu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba paka ni twahara na huingia hadi chumbani, na ghafla tunaambiwa tumtupe. Hakuna haja. Kinachohofiwa ni kijidudu cha toksoplazma, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hutoka katika kinyesi cha paka, na huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine asafishe trei kila siku, mjamzito asishike mchanga huo, avae glavu akilima bustani, aoshe mboga vizuri, na nyama iive kabisa, kwani nyama isiyoiva nayo huambukiza.

Mwisho, unapopiga simu usiku, usiseme "paka anaumwa". Fungua daftari usome hivi: "Ni jike wa mwaka mmoja na nusu, uzao wa kwanza, mimba ya siku 65, eksirei ilionyesha wanne. Wawili wametoka na makondo mawili. Anasukuma kwa nguvu tangu saa nane na nusu usiku, sasa ni saa tisa na dakika tano, hakuna kilichotoka, ufizi wake ni wa waridi, joto ni 37.9. Bajaji iko mlangoni."